Malaria ya Kanada

Hiyo baridi ya chumbani mwetu, ukikohoa, kikohozi chako kinaanguka chini kinavunjika kama glasi. Miaka kumi na saba nafanya kazi kwenye chumba cha barafu pale Kisenyi, napanga samaki, napanga kuku, napanga nyama ya ngamia, na siku moja nilimwona nzi ameingia kwa mlango anaruka vizuri tu, akatoka anatembea kwa miguu. Kampala nzima watu wanatafuta kivuli, mimi natafuta jua.

Kwa hiyo wale watu wa maigizo walipokuja kuuliza viatu vya baridi, mlango hawakukosea.

Walikuja wawili. Mmoja dairekta, mwanaume mwembamba wa miaka arobaini hivi, mikono mirefu kama ya mtu anayechuma maembe bila kupanda. Wa pili mama mmoja wa Kikongo, mnene, kitenge kimemkaa vizuri, amesimama nyuma yake na uso wa mtu aliyeletwa polisi.

"Hajji," dairekta akasema, "tunasikia uko na viatu vya baridi. Na glavu."

"Mimi Hajji wapi. Maka sijafika. Nimefika Entebbe."

"Hata hivyo, Hajji, tunaomba. Majaketi tumepata soko la Owino, lakini viatu hakuna. Tunafanya onyesho la kuwashukuru waimbaji wa Kanada."

"Wamekuja Kampala?"

"Hawajakuja."

"Wanajua mnawashukuru?"

"Hawajui."

Nikamwangalia yule mama kama ataniambia huyu mtu ni mzima. Mama akatazama samaki.

Dairekta akauliza, "Hajji, Jumapili unafungua redio?"

Sasa hilo ni swali la kuuliza mtu wa Kampala? Jumapili mchana redio zote za mji huu zinapiga nyimbo za pole pole za gitaa, za wazungu, kutoka dukani mpaka kinyozi mpaka kwa mama wa mkaa. Mimi nimekua nazo. Sijui hata neno moja, lakini zikianza najikuta nimeweka kikombe chini. Nilikuwa nafikiri zote ni za Amerika. Dairekta akaniambia hapana, nyingi ni za watu wa Kanada, wanaume na wanawake ambao hawakungoja mtu awaandikie. Mtu anakaa peke yake na gitaa, nyumba imezungukwa na barafu pande zote, anaandika kinachomuuma, anakiimba mwenyewe.

"Baba yangu akitoka misa Rubaga," akasema, "alikuwa anavua viatu, anafungua redio, na nyumba nzima hakuna kuongea mpaka ziishe. Kiingereza hakujua. Lakini machozi yalikuwa yanamtoka, Hajji, anayaacha tu yanashuka. Hawa watu wamemliza baba yangu miaka yote ile na amekufa bila kuwaambia asante. Sasa asante nitaisema mimi."

Nikaenda kuleta viatu.

Shida ilikuwa bosi wangu. Yule mzee anamjua kila kuku wake kwa sura. Akasema viatu jozi nne vinaweza kutoka, lakini havitoki peke yao, mimi nitoke navyo na nirudi navyo. Ndivyo nilivyoingia kwenye sanaa. Kila alasiri kazi ikiisha nabeba viatu kwenye gunia, napanda boda mpaka ukumbini njia ya Rubaga, nakaa kwenye benchi la mbele navilinda kama dhahabu ya mfalme.

Ukumbi wenyewe ni wa zamani, mabati juu, madirisha manne, na joto lake unaweza kukaanga yai kwenye kipara cha mwenzako. Siku ya kwanza nilikaa nikangoja kuona Kanada.

Gitaa likaanza, pole pole. Wakaingia watu sita, majaketi mpaka magotini. Na wote, kwa pamoja, wakaanza kutetemeka. Meno yanagonga kak-kak-kak. Mmoja amejifunika blanketi mpaka kichwani anaugulia. Mwingine amejishika tumbo amejikunja. Yule mama wa Kikongo alikuwa mbele kabisa, anaimba na kutetemeka mpaka mbao za jukwaa zinalia, mikono inaruka huku na huku, jasho linamshuka mpaka kwenye viatu vya bosi.

Nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kwenye benchi. Muziki ukazimwa.

"Hajji," dairekta akasema, "unacheka nini?"

"Dairekta, nisamehe. Hii si baridi. Hii ni malaria."

Wakaniangalia.

"Angalia wewe mwenyewe. Huyu wa blanketi homa imempanda. Huyu wa tumbo amemeza dawa bila kula. Mama hapa mbele anahitaji dripu. Hao waimbaji wenu wakiwaona watawatumia vyandarua."

Wenzao kwenye mabenchi walicheka, lakini dairekta hakucheka. Alikaa chini kwenye ukingo wa jukwaa, mikono yake mirefu ikalala.

"Ni kweli," akasema. "Wiki tatu tunaigiza malaria."

Na ukifikiri, wangefanya nini? Mtu aliyezaliwa hapa kwetu, kutetemeka anakokujua ni kumoja tu. Ukimwambia tetemeka, mwili wake unakwenda kwenye homa yake ya utotoni, unatoa blanketi, unatoa ndoo ya kutapikia. Theluji ameiona kwenye kalenda.

"Wewe baridi unaijua," dairekta akaniambia. "Tuonyeshe."

Basi mimi, ambaye shule nilikuwa napita karibu na geti tu, nikapanda jukwaani kufundisha. Nikawaambia baridi ya kweli, kutetemeka ni mwanzo, ni salamu tu. Baada ya hapo mwili unaanza ubahili. Unafunga vidole, unafunga kwapa, unafunga mdomo. Shingo haigeuki, unageuka mzima kama kabati. Kama kutikisa kichwa kunatosha, ulimi hautumii neno. Mtu wa baridi hatupi kitu, hata pumzi anaitoa kidogo kidogo.

Nikasimama hivyo mbele yao, nikafanya vile ninavyokuwa saa nne asubuhi katikati ya makatoni ya kuku. Nilipoinua macho yule wa blanketi ameshaingiza vidole kwapani. Kuanzia siku hiyo nikawa profesa wa baridi. Nadhani ni mimi tu Uganda nzima.

Wengine walishika haraka. Yule wa blanketi alishika mpaka akawa anatembea hivyo hata barabarani, watu wanamuuliza kama amepigwa. Aliyekataa ni mama.

Si kwamba hakuweza. Alikataa. Kila jioni anaimba wimbo wake kwa kutetemeka kulekule na kurusha mikono. Na wimbo wake ndio ulikuwa moyo wa onyesho. Aliyeutunga ni mwanamke wa huko Kanada, na habari yake fupi tu: mwanamke amesimama kituoni anangoja basi, theluji inaanguka, basi haliji, na yeye anakumbuka nyumba aliyotoka. Hakuna zaidi. Lakini sauti ya mama, hata na hiyo malaria yote, ilikuwa sauti ya kusimamisha boda.

Siku ya Jumanne dairekta alichoka.

"Mama, unaimba kama mtu anauza nanasi Wandegeya."

"Nanasi iko na shida gani?"

"Haina shida. Lakini huyu mwanamke ameganda. Mpaka Ijumaa, mama. Ikifika Ijumaa bado unaniletea homa, wimbo nampa huyu."

Huyu alikuwa msichana mmoja wa chuo, anakaa hosteli Wandegeya, Kiingereza chake kimenyooka kama reli, na baridi alishajifunza siku ya kwanza. Msichana akainamisha macho. Mama akavua viatu vya bosi, akanipa, akatoka.

Nilimfuata mpaka kwa muuza chai wa nje. Nikamwagizia chai, nikamwambia, "Mama, mbona unanifelisha? Mimi ni profesa mpya, mwanafunzi wangu mkubwa amegoma."

Hakucheka. Akakoroga chai ambayo haina sukari.

"Papa," akasema, "weye unajua iko nani Kanada?"

"Waimbaji."

"Mutoto wangu."

Ndipo akanieleza. Alikimbia vita ya Kongo, upande wa Bukavu, na binti mmoja mgongoni, basi. Akamlea hapa Kampala kwa kuuza vitenge. Binti akakua, akaolewa, mume wake akapata karatasi za Kanada, wakaenda, sasa ni miaka sita. Mwanzoni anapiga simu kila wiki. Lakini simu zenyewe, mama akasema, ni za kukata. Umelalaje, nzuri. Watoto, wazima. Kazi, iko. Mama, huku baridi. Halafu kwaheri.

"Kila siku baridi, baridi. Baridi gani inakataza mutoto kuongea na mama yake? Nikasema huyu ananichoka. Ananitupa pole pole. Basi nikaacha kushika simu. Sasa inaita, naiangalia. Miezi minane."

"Na yeye anaendelea kupiga?"

"Anapiga."

Akanywa chai. Dairekta, akasema, amesema onyesho litatoka moja kwa moja kwenye simu, watu wa kila nchi wataona. Basi yeye alitaka binti yake amwone. Asimpigie, asimbembeleze, amwone tu mama yake amesimama anaimba wimbo wa nchi yake mpya, ajue huku kuna mtu. Wimbo huo wakimpa msichana wa Wandegeya, binti yake ataona nini?

"Sasa si ujifunze baridi, mama."

"Hiyo baridi imenikulia mutoto, papa. Halafu mimi niisimamie mbele ya watu niipambe?"

Nikamsogezea sukari. Mwisho nikamwambia, "Usiipambe. Njoo uione tu. Ukimgombeza mtu, umgombeze uliyemwona."

Siku ya Alhamisi alikuja. Nilingoja bosi aende msikitini kwa sala ya alasiri, ambayo nilijua ni robo saa, na kama akimkuta jirani ni nusu. Mungu anisamehe, yangu niliisali baadaye. Nikampa mama jaketi langu, nikafungua ule mlango mzito, moshi wa baridi ukatoka ukatulamba miguu.

"Dakika mbili," nikamwambia. "Mlango nitauacha wazi kidogo."

Akaingia akasimama katikati ya samaki. Dakika ya kwanza alitetemeka, ile yake ya kawaida, mikono juu. Nikasema moyoni, yamekwisha, huyu anaondoka na homa yake. Halafu nikaona mikono inashuka. Vidole vikaingia kwapani, vyenyewe, hakuna aliyevituma. Mabega yakapanda. Kidevu kikashuka. Alianza kuwa mdogo, yule mama mnene, mdogo, mdogo, mpaka akatosha kwenye katoni la sangara.

Akanigeukia mzima mzima kama kabati.

"Anakaa na hii tangu asubuhi?"

"Wanasema miezi mitano. Sita."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Funga mulango."

"Mama, haifai."

"Funga."

Nilifunga. Nikahesabu kwa sauti pale nje kama mtu anayecheza kujificha, watu wanapita wananiona mwendawazimu. Sikufika mbali, mkono wenyewe ulifungua. Alikuwa amesimama vilevile. Nyusi zake zilikuwa nyeupe, na hapo siongezi chumvi. Nikamtoa juani nikamweka kwenye kreti. Nikamuuliza, mama, uko salama? Akafungua mdomo, akaufunga. Nikamuuliza tena. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza habari ya miguu, habari ya masikio, nikamwambia bosi anarudi, na yote ananijibu kwa kichwa, au kwa neno moja, fupi. Nzuri. Iko. Ndiyo.

Halafu nikaona ameusikia mdomo wake mwenyewe. Alishika midomo kwa vidole, akaiangalia barabara ya Kisenyi, magari, gereji, mikokoteni, na machozi yakamtoka ya moto, yanashuka kwenye lile shavu lililoganda.

"Ni hivi," akasema. "Ni hivi tu."

Ijumaa akaimba. Alisimama katikati ya jukwaa hakufanya kitu. Mikono kwapani, kidevu chini, sauti ndogo inatoka kama ya mtu anayeogopa kuimaliza. Mimi kwenye benchi nikajifunika na gunia la viatu.

Dairekta akasimamisha muziki.

"Mama, sasa umelala?"

Lazima mtu ajue maigizo yetu ya hapa. Kwetu wimbo unachezwa. Ukiimba mvua, unafungua mwavuli. Ukiimba mama amekufa, jeneza linapita. Mtazamaji wa Kampala hakutoka nyumbani kwake kuja kumwona mtu amesimama.

"Watanicheka, mama. Watasema umesahau maneno."

Ndipo msichana wa Wandegeya akasema kutoka pembeni, "Ssebo, bwana, mwachie. Mimi nimesikia baridi."

Dairekta akatembea huku, akatembea kule. Mwisho akakata shauri, ambalo halikumfurahisha mtu hata mmoja. Mama ataanza. Msichana atasimama pembeni ya jukwaa amevaa tayari. Ukumbi ukicheka, msichana anaingia, anachukua wimbo, mama anatoka.

Kabla ya kuondoka mama akanivuta nje akanipa simu yake.

"Mutumie sauti. Mwambie Jumapili, saa tisa yetu, afungue simu aangalie. Usiseme ni mimi nimesema."

"Niseme mimi ni nani?"

"Weye utajua."

Nikabonyeza, nikasema: binti, mimi ni mtu wa samaki wa Kisenyi, usiniogope, Jumapili saa tisa yetu fungua simu kwenye hii anwani ya onyesho ninayokutumia, utamwona mtu unayemjua, na hakuna aliyenituma. Mama akanipiga begani kwa pochi.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya watu waliokaa juu ya watu. Waliotoka misa, wanafunzi, wauza karanga, watoto mgongoni, wazee wa redio. Jua la saa tisa linapiga bati mpaka bati linaimba lenyewe. Dairekta aliweka simu kwenye kigingi mbele ya jukwaa. Juu kwenye mbao alipanda fundi na magunia mawili ya sponji ya godoro iliyokatwa vipande vidogo. Hiyo ndiyo theluji.

Nyimbo za kwanza zilikwenda kwa vigelegele. Kuna ya mwanaume anayeendesha lori usiku kwenye barafu. Walicheza lori kwa viti, likakwama, wakasukuma. Theluji ya fundi ilikuja kwa mafungu, moja ikamwingia mwimbaji mdomoni akaitema katikati ya ubeti, watu wakalia kwa kicheko. Lakini zikifika zile sehemu wanazozijua, zile za Jumapili, ukumbi mzima ulikuwa unaimba bila kujua maneno, wazee wamefumba macho. Mimi nilikuwa nawaza, kuna mtu huko mbali alikaa chumbani kwake na gitaa hajui kwamba Rubaga ipo, na leo Rubaga inamwimbia. Nilijisikia kama nimesimama chini ya kitu kirefu sana.

Halafu mama.

Akaingia, akasimama. Mikono kwapani. Gitaa likapiga, likazunguka, likafika pa kuanzia, yeye kimya. Theluji inashuka, sasa vizuri, kipande kimoja kimoja.

"Mama, maneno umeyaacha nyumbani?" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

Kicheko kikaanza. Kidogo, pale nyuma, kinakuja mbele safu kwa safu. Nikamwona msichana wa Wandegeya pembeni ameinua mguu. Nikamwona dairekta ameinua mkono wa kumruhusu. Na mama anakisikia kicheko kile, kwa sababu kidevu kilishuka zaidi.

Akaanza kuimba.

Sijui nitaielezaje ile sauti. Haikuwa ya kuuza nanasi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyebaki na pumzi tatu na anataka kuzitumia vizuri. Anatoa neno moja, anapumzika. Anatoa lingine. Macho yake hayakutuangalia sisi, yalikuwa yanaangalia pale kwenye kigingi, kwenye kile kioo kidogo cha simu, kama mtu anayeangalia basi linakotokea. Kicheko kilifika safu ya nne kikafa. Msichana aliteremsha mguu. Mkono wa dairekta ulibaki hewani, alisahau kuurudisha.

Na baridi ikaingia. Mtu asiniambie hapana, nilikuwepo. Ile tanuri ya mabati, watu mia na jasho lao, nikaona mzee wa mbele yangu anafunga vifungo vya koti. Nikaona mama mmoja anamvuta mtoto ndani ya kitenge. Mtu akainuka kimya akafunga dirisha. Dirisha, saa tisa na nusu, mwezi wa joto. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini, na wa dirisha la pili akafunga lake.

Wimbo ulipofika pale anapokumbuka nyumba, hakurusha hata kidole. Alifumba macho tu, na huku chini watu wakainama, kama upepo umepita.

Kwetu msanii akikugusa, unapanda unamtuza, unamwekea noti mkononi au kwenye paji la uso. Basi wimbo haujaisha nikaona bibi mmoja wa gomesi, lile gauni la mabega yaliyosimama, anapanda ngazi za jukwaa, pole pole, mkono mmoja umeshika goti, mwingine uko kwenye mkoba. Tukasema anatoa noti. Akafika mbele ya mama, akatoa sweta. Sweta lake mwenyewe, la sufu, la kwendea misa ya asubuhi. Akamfunika nalo mabega. Akalivuta mbele, akafunga kifungo cha juu, kama unavyomfungia mtoto wa shule, akashuka.

Baada ya huyo wakapanda wengine. Mtu wa boda akampa jaketi. Mwingine shali. Dada mmoja alipiga magoti akamfunika miguu na leso yake. Mpaka ubeti wa mwisho mama alikuwa mlima wa nguo unaoimba, na ninaapa hakuna aliyecheka. Hata yule mropokaji wa nyuma, huyo ndiye alipanda mwisho, amevua shati, akakosa pa kuliweka, akabaki amelishika.

Wimbo ukaisha. Makofi yalipokuja, nilidhani bati limeanguka.

Dairekta alikuwa nyuma ya pazia, amekaa kwenye kreti, amevua viatu, machozi yanashuka anayaacha tu.

Simu ya mama ikaita ikiwa mkobani. Akaiangalia. Ikaita, ikaita. Sote tuliokuwa nyuma ya pazia tulijifanya tunakunja majaketi. Halafu akabonyeza, na uso ukatokea, uso wake mwenyewe ukiwa kijana, taa ya chumba imewashwa kwa sababu huko kwao jua halijatoka. Na huyo binti, watu wangu, amevaa fulana ya mikono mifupi.

Walitazamana.

"Mbona uko uchi?" mama akasema. Miezi minane, na hilo ndilo la kwanza. "Vaa sweta."

"Mama, ndani ni joto. Nyumba zote za huku ziko na mashine ya joto."

"Joto?"

"Jasho linanitoka, mama."

Mama akaniangalia mimi kama nimemuuzia samaki aliyeoza.

Binti alikuwa analia na kucheka. "Nani alikwambia tunasimama hivyo?" akauliza. "Vile vidole. Kile kidevu. Nani alikuonyesha?"

"Huyu mutu wa samaki. Alinifungia." Akaisogeza simu karibu na uso. "Weye unasimama hivyo wapi, kama nyumba iko na joto?"

"Kituoni, mama. Nikitoka kazini. Basi linachelewa, ndipo napata nafasi ya peke yangu. Simu zangu zote nilikuwa nakupigia pale."

Vidole vya mama viliingia kwapani tena, vyenyewe, chini ya lile sweta la bibi, chini ya lile jaketi la boda, katika lile joto lote.

"Pale?" akasema mwisho.

"Pale, mama."

"Usinipigie pale tena. Pale funga mdomo, ingiza mikono. Nipigie ukifika ndani."

"Nikifika ndani huko kwenu ni usiku wa manane."

"Niamushe," mama akasema.